Milano–Sanremo: vilima viwili vifupi mwishoni mwa safari ndefu

Machi 2004, kwenye mtaa wa Via Roma mjini Sanremo, Italia, Mjerumani Erik Zabel aliachia usukani wa baiskeli yake hatua chache kabla ya mstari wa mwisho, akanyoosha mikono juu. Alikuwa amekanyaga pedali kwa takriban saa 7, zaidi ya kilomita 290 tangu alipoondoka Milano, na hakuwa na shaka kwamba amepata ushindi wake wa tano katika mbio hizi. Mikono yake ikiwa hewani, Mhispania Óscar Freire alikuwa bado ameinama. Aliisukuma baiskeli mbele kwa mikono yote miwili, na gurudumu lake likagusa mstari kwanza. Waliachana kwa sentimita tu.

Kisa hicho hunirudia kila ninaposikia Milano–Sanremo ikiitwa mbio za masprinta. Asiyezijua atadhani ni mbio nyepesi: barabara tambarare, kundi zima linafika pamoja, mwenye kasi kuwashinda wote anachukua kombe. Kuna ukweli ndani yake. Lakini hebu tazama orodha ya washindi. Kati ya 1997 na 2016, kwa hesabu yangu, masprinta walishinda mara 15 katika mashindano 20. Kuanzia 2017 hadi 2025 sprinta halisi ameshinda mara moja tu, Mbelgiji Jasper Philipsen mwaka 2024. Njia ni ileile kwa sehemu kubwa, na vilima viwili vya mwisho havijaongezeka hata mita moja. Ni vilima ambavyo mtu wa kawaida mwenye baiskeli nzuri anaweza kuvipanda bila kushuka. Inakuwaje viwashinde watu wenye miguu yenye nguvu kiasi kile?

Tuanze na sprinta mwenyewe. Huyu ni mwendesha baiskeli aliyejaliwa mlipuko. Misuli yake ina nyuzi nyingi za aina inayojikaza kwa haraka, na kwa sekunde chache anaweza kutoa nguvu ya zaidi ya wati 1,500, kiasi cha kuwasha pasi ya umeme ya nyumbani. Akifyatuka mita 200 za mwisho anaweza kupita kilomita 65 kwa saa bila injini yoyote. Misuli hiyo ina uzito wake. Sprinta wa kawaida ana kilo 75 hadi 80, wakati mpanda milima mahiri mara nyingi huwa na kilo 60 na kitu. Tofauti hiyo ya kilo 15 au 18 ndiyo kiini cha habari yote.

Kwenye tambarare uzito haumsumbui. Kinachomsumbua kila mtu pale ni hewa. Yeyote aliyewahi kubeba mzigo kwa baiskeli kwenye barabara ya pwani huku upepo wa mbisho ukimpiga kifuani anajua jinsi unavyokanyaga kwa bidii na barabara ikawa kama haisogei. Sasa fikiria kwamba hata siku isiyo na upepo, mtu anayekwenda kilomita 45 kwa saa anajitengenezea upepo huo mwenyewe. Na hewa haiongezi ukaidi wake polepole: ukitaka kwenda kasi mara mbili, nguvu ya kuisukuma hewa lazima iwe mara nane. Ndiyo maana kutoka kilomita 40 hadi 45 kwa saa ni gharama kubwa kuliko inavyosikika.

Dawa ni kukaa nyuma ya mwenzako. Anayefuata gurudumu la mtu mmoja huokoa takriban theluthi ya nguvu zake. Katikati ya kundi kubwa akiba ni ya ajabu zaidi. Vipimo vya watafiti wa chuo kikuu cha Eindhoven vilivyochapishwa mwaka 2018 vilionyesha kwamba aliyezama ndani ya msafara wa watu zaidi ya 100 anaweza kukabiliwa na asilimia 5 hadi 10 tu ya ukinzani wa hewa ambao angekutana nao akiwa peke yake. Mtu wa mbele anatokwa jasho, na wa katikati anakula ndizi na kuzungumza. Kwa hiyo kazi ya sprinta, kwa saa sita za mwanzo, ni kujificha. Wenzake wa timu wanamzunguka, wanamletea maji, wanakata upepo kwa ajili yake, naye anahesabu kila tone la nguvu asilitumie.

Mbio zikiishia hapo, zingekuwa kweli mbio za masprinta, na zingechosha kuzitazama. Msafara huanzia Milano au mji wa jirani; miaka ya karibuni umekuwa ukianzia Pavia. Unavuka bonde tambarare la mto Po, unapanda taratibu hadi njia ya Turchino yenye kimo cha mita 532, kisha unateremka kuikuta bahari karibu na Genova. Toka hapo ni barabara ya Aurelia, iliyorithi jina la barabara ya Warumi wa kale, ikifuata ufuo wa Liguria kuelekea mpaka wa Ufaransa. Zikibaki kilomita 50 na kitu zinakuja rasi tatu zinazoinuka ghafla kando ya maji: Mele, Cervo na Berta. Hizi hazimwangushi mtu, ila zinaanza kuwauma waliochoka. Kisha Cipressa, kilomita 5.6 za mwinuko wa wastani wa asilimia 4, ambao kilele chake kiko zaidi ya kilomita 20 kabla ya mwisho. Halafu Poggio.

Poggio ni kilima kidogo hadi kinashangaza. Urefu wake ni kilomita 3.7 na mwinuko wake wa wastani ni asilimia 3.7, yaani kila mita 100 unapanda mita 3 na sentimita 70. Kinapita kati ya vitalu nyumba vya maua, kwa sababu ukanda huu ni wa wakulima wa maua. Juu kabisa barabara inageuka kushoto penye kibanda cha simu ambacho mashabiki wanakijua kama wanavyoujua mlango wa nyumba zao. Toka kibanda hicho hadi mstari wa mwisho ni kilomita 5 na nusu. Anayelijua pando la Kitonga pale Iringa angekiita hiki kijiinuko tu.

Tufanye hesabu. Poggio nzima inapandisha mtu takriban mita 136. Kumpandisha sprinta mwenye kilo 18 zaidi ya mpinzani wake, katika muda wa dakika 6, kunadai kama wati 67 za ziada kwa ajili ya kilo hizo 18 peke yake. Sprinta ana injini kubwa zaidi, hivyo anaweza kuzitoa, lakini tayari yuko karibu na kikomo chake na mpinzani bado ana pumzi. Kwenye mlima mkali wa asilimia 9, deni hilo lingemmaliza mapema na hadithi ingekwisha. Poggio haina ukali wa kutosha kummaliza. Wanaume hawa huipanda kwa kasi inayokaribia kilomita 38 au 39 kwa saa, na kwa kasi hiyo hewa bado inahesabika. Mpanda milima akichomoka mbele analipia upepo, sprinta akishika gurudumu lake anapata nafuu. Uzito unamvuta mmoja na hewa inamzuia mwingine, na mizani inakaribia kulingana. Sijui mbio nyingine kubwa ambayo mizani yake iko hivi.

Ukitaka kuona mizani ikielemea upande mmoja, kumbuka mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika. Njia ya wanaume ilikuwa na kilomita 267.5 na zaidi ya mita 5,400 za kupanda. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na watu 30 tu ndio waliomaliza. Hakuna sprinta aliyekuwa na ndoto ya kushinda juu ya vilima vile, na wengi wao hawakusafiri kabisa.

Sasa urefu. Hapa ndipo naona watu wengi wanaielewa vibaya Milano–Sanremo, wakisema zile saa sita za mwanzo hazina maana na mtu aamke kutazama nusu saa ya mwisho. Zina maana kuliko kitu chochote. Mwili wa binadamu hubeba akiba ya sukari kwenye misuli na ini inayotoa kama kilokalori 2,000. Safari hii inakula zaidi ya 5,000. Mafuta ya mwili yanaziba sehemu ya pengo, lakini yanaungua polepole, na mlipuko wa sprinta unategemea sukari. Anayefika chini ya Poggio akiwa ameila akiba yake yote ana misuli ileile aliyoamka nayo, ila haina cha kuwasha. Poggio ingewekwa kilomita ya 100, masprinta wangeipanda huku wakipiga soga. Ukali wake umetoka kwenye kilomita 280 zilizotangulia, katika kila breki isiyo ya lazima, kila kona ambayo mtu alibaki nyuma akalazimika kuziba pengo, kila saa aliyosahau kula.

Waandaaji wenyewe wamekuwa wakihangaika na mizani hii tangu zamani. Mbio zilianza mwaka 1907, Mfaransa Lucien Petit-Breton akawa mshindi wa kwanza, na miaka hiyo umbali pamoja na barabara mbovu vilitosha kuwapanga watu. Mwaka 1910 theluji iliwafunika na ni wachache wa kuhesabika vidoleni waliofika Sanremo. Eugène Christophe alishinda baada ya zaidi ya saa 12. Mwaka 1946 Fausto Coppi alichomoka mapema, akavuka Turchino akiwa mbele na kufika dakika 14 kabla ya wa pili. Kisha barabara zikawekwa lami nzuri, baiskeli zikawa nyepesi, timu zikajifunza kushirikiana, na kundi zima likawa linafika pamoja. Waitalia waliumia zaidi, kwa sababu tangu ushindi wa Loretto Petrucci mwaka 1953 wageni walikuwa wanachukua mbio zao nyumbani kwao. Mwaka 1960 waandaaji wakaingiza Poggio, wakitumaini itawachuja wageni wenye kasi.

Mwaka huohuo alishinda Mfaransa, René Privat. Waliofuata wakawa wageni vilevile, na Eddy Merckx wa Ubelgiji akapata mwaka 1966 ushindi wa kwanza kati ya saba zake, idadi ambayo bado haijafikiwa. Mwitaliano alisubiriwa hadi 1970, Michele Dancelli, miaka 17 baada ya Petrucci. Kwa kuwachuja wageni, kilima kilishindwa kabisa. Kwa kuzipa mbio roho, kilifanikiwa kuliko mtu yeyote alivyowaza. Cipressa iliongezwa mwaka 1982, na toka hapo hakuna nyongeza iliyodumu; mlima mwingine, Le Mànie, uliingia 2008 na kutolewa baada ya miaka michache.

Watu huzungumzia kupanda, lakini mimi nauheshimu zaidi mteremko wa Poggio. Ni barabara nyembamba yenye kona za kujikunja, ukuta upande mmoja na vitalu upande mwingine, na wanaoteremka wana uchovu wa saa sita miguuni. Hapa mwenye ujuzi na moyo anaweza kupata sekunde ambazo miguu imemnyima. Mwaka 1992 Moreno Argentin alipita kileleni peke yake na Italia nzima ikaanza kushangilia. Nyuma yake Sean Kelly wa Ireland, sprinta mkongwe wa miaka 35, alichomoka kwenye mteremko, akazikata kona kama mtu asiyejua breki ziko wapi, akamfikia Argentin karibu na mwisho na kumshinda kwa kasi. Miaka 30 baadaye, 2022, Mslovenia Matej Mohorič alikuja na bomba la siti linaloshuka, kifaa cha baiskeli za milimani, ili mwili wake ukae chini zaidi kwenye kona. Alikaribia kuanguka zaidi ya mara moja, hakuanguka, na hakuna aliyemfikia hadi mstarini.

Sprinta akivuka yote hayo akiwa bado na kundi la mbele, anahitaji bado mtu wa kumvuta. Kilomita mbili za mwisho ni tambarare, na mwenye timu iliyobaki na watu wawili au watatu ana utajiri mkubwa. Wanapanga mstari, kila mmoja anakata upepo hadi miguu imuishe, anapisha pembeni, na wa mwisho anamwachia sprinta nafasi zikibaki mita 200 hivi. Mwaka 2009 Mark Cavendish alikuja Sanremo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 23. Wengi walisema hawezi kuvuka vilima. Alivivuka, kisha akajikuta na kazi nyingine: Mjerumani Heinrich Haussler alikuwa ameshafyatuka mapema na kuachana na kila mtu. Cavendish akamkimbiza peke yake na kumpita kwenye mstari wenyewe, kwa upana ambao macho hayakuweza kuuona bila picha.

Na kuna ushindi mmoja wenye mkono wa Afrika ambao nasikitika hausimuliwi vya kutosha kwetu. Machi 2013 theluji iliwakuta waendeshaji njiani kuelekea Turchino. Walishushwa kwenye baiskeli mjini Ovada, vidole vimekufa ganzi kiasi cha kushindwa kufungua kofia, wakapandishwa mabasi na kupelekwa upande wa bahari ili waanze tena. Wengine walikataa kurudi barabarani. Kati ya waliorudi alikuwemo Mjerumani Gerald Ciolek wa MTN-Qhubeka, timu iliyosajiliwa Afrika Kusini, ambayo ilikuwa imealikwa tu. Qhubeka ni jina la shirika linalogawa baiskeli kwa watu wanaozihitaji, na maana yake kwa lugha za Kinguni ni kusonga mbele. Kwenye mstari Ciolek aliwapita Peter Sagan na Fabian Cancellara, majina mawili makubwa ya siku zile. Miaka tisa baadaye Biniam Girmay wa Eritrea alishinda Gent–Wevelgem, mbio nyingine ya siku moja inayowapa masprinta nafasi, na safari hii mkono wa Afrika ulikuwa wa Mwafrika mwenyewe.

Turudi kwenye swali la orodha ya washindi. Nadhani kilichobadilika ni chakula na ujasiri. Leo mwendeshaji anaweza kula gramu 100 au zaidi za sukari kwa saa, kiasi ambacho zamani tumbo lilikikataa, na hivyo wanaofika chini ya Poggio wakiwa na nguvu ni wengi na wana nguvu zaidi. Mshambuliaji ananufaika na hilo kuliko sprinta, kwa sababu anaweza kuanza mapema. Kwa miongo mingi ilikuwa kama sheria kwamba Cipressa iko mbali mno na mwisho kwa mtu kushambulia na kufika. Mwaka 2025 Pogačar alishambulia hapohapo, wakaipanda kwa chini ya dakika 9, na waliobaki naye ni wawili, Mathieu van der Poel wa Uholanzi na Mwitaliano Filippo Ganna. Masprinta waliachwa nusu saa kabla ya Via Roma. Van der Poel ndiye aliyeshinda, na aliwashinda wenzake wawili kwa kasi ya mita za mwisho, kama sprinta.

Hata hivyo mwaka mmoja tu kabla yake, mwaka wa mbio za kasi kuliko zote zilizotangulia, zaidi ya kilomita 46 kwa saa, mizani ilianguka upande mwingine. Pogačar alishambulia mara kwa mara juu ya Poggio asiweze kuwang'oa wote. Van der Poel, bingwa wa dunia wakati huo, alijitolea kumvuta mwenzake wa timu Philipsen, naye akamshinda Michael Matthews kwa nusu gurudumu.

Siku ileile ya Machi 2025 wanawake pia walirudi Sanremo, baada ya miaka takriban 20 bila mbio zao. Walianzia Genova, kilomita 156, yaani kama nusu ya umbali wa wanaume, lakini na Cipressa ileile na Poggio ileile. Kwangu ilikuwa nafasi ya kutazama vilima vile vikiwa vimepunguziwa safari ya kabla yake. Elisa Longo Borghini alichomoka kwenye kilomita za mwisho na kwa muda ilionekana ameshinda. Lotte Kopecky alimkimbiza akiwa amemweka nyuma yake mwenzake wa timu, Mholanzi Lorena Wiebes, mwenye kasi kuliko wote waliokuwapo. Longo Borghini alifikiwa zikibaki mita mia chache, Wiebes akafyatuka akimtangulia Marianne Vos, na jina la kwanza kuandikwa kwenye ukurasa mpya wa wanawake likawa la sprinta.